Gari Kuukuu na Gharama ya Kubahatisha

Gari likishapita miaka 15 barabarani, pesa nyingi za mwenyewe haziishii kwenye kilichoharibika. Zinaishia kwenye vilivyokuwa vizima. Betri mpya inanunuliwa kumbe waya wa ethi umeliwa na kutu. Pampu ya petroli inashushwa kumbe rilei imeungua. Plagi zote nne zinabadilishwa, kisha waya za plagi, kisha sensa moja ambayo muuzaji wa spea ameapa kuwa ndiyo yenyewe, na gari bado linamisi. Kwenye buti kunabaki mfuko wa vipuri vya zamani ambavyo havikuwa na kosa lolote.

Wepesi wetu ni kuwalaumu mafundi. Mimi siafiki. Gerezani jijini Dar es Salaam au Kirinyaga Road jijini Nairobi utakuta mikono inayoshusha injini asubuhi na kuirudisha kabla ya magharibi, tena kwa vifaa ambavyo fundi wa Ulaya asingekubali kuvishika. Ujuzi upo. Kinachokosekana ni malipo ya kupima. Mteja wetu anakubali kulipia kufungua na kufunga, kwa sababu jasho analiona. Lakini fundi akikaa saa mbili na mita, akifuata waya mmoja baada ya mwingine, mwishowe akasema tatizo ni fyuzi, mteja atapiga kelele: pesa yote hiyo kwa fyuzi ya bei ya soda? Fundi si mjinga. Akiona kupima hakumlipi, atabadilisha kifaa. Kisipokuwa chenyewe atabadilisha kingine, na kila safari gharama ya kukosea ni ya mwenye gari.

Kwa hiyo anayetaka kujitengenezea gari nyumbani asidhani kwamba atamshinda fundi kwa spana. Hatamshinda. Anachomzidi ni kwamba Jumamosi yake haina mteja mwingine anayesubiri. Anaweza kutumia saa tatu kujua tatizo ni nini, na ikibidi kazi ya kufungua akampa mwingine. Nusu ya utengenezaji wa nyumbani ni hiyo, na ndiyo nusu yenye faida kubwa zaidi.

Magari yetu yenyewe yanarahisisha kazi, maana aina zake si nyingi. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Tanzania inaruhusu kwa ushuru wa ziada kadiri gari linavyozidi kuchakaa. Pande zote mbili, mzigo mkubwa unatoka Japani, na gari lililofika bandarini likiwa na umri huo linaweza kutumika kwetu miaka mingine kumi na zaidi. Ndiyo maana mtaa mmoja unaweza kuwa na Corolla 110, Spacio, Probox, IST, Vitz na Mark II, na mengi kati yake yakatumia vipuri vinavyoingiliana. Injini ya 1NZ-FE peke yake imo ndani ya Vitz, IST, Probox, Allex na Spacio. Ugonjwa wa moja umeshaonekana kwa jingine, na kipuri chake kipo Ilala jijini Dar es Salaam, mtaa wa Shauri Moyo, kimetoka kwenye gari lililokatwa.

Tena magonjwa ya uzee hayafanani na magonjwa ya matumizi. Chuma cha injini iliyopata oili kwa wakati huvumilia sana. Kinachochoka mapema ni mpira unaokauka, plastiki inayopasuka, na viunganishi vya umeme vinavyoshika kutu, hasa kwa gari la mwambao linalovuta hewa ya chumvi usiku na mchana. Mwenye gari kuukuu anayeanza uchunguzi wake kwenye vitu hivyo vitatu anakuwa ameshapunguza orodha ya washukiwa kabla ya kugusa nati hata moja.

Umeme ndio uwanja mkuu wa kubahatisha, na cha ajabu ndio unaopimika kirahisi kuliko vyote. Mita ya kawaida ya fundi umeme inatosha. Betri iliyolala usiku kucha bila kuchajiwa ikisoma volti 12.6 imejaa, 12.2 ni karibu nusu. Chini ya 12 imekwisha chaji. Mwombe mtu apige stata ukiwa unaangalia: betri nzima haitakiwi kushuka chini ya volti 9.6 hivi. Gari likiwaka, soma tena. Kati ya 13.8 na 14.5 alternata inachaji. Ikibaki 12 na pointi, haichaji. Ikipanda 15 na zaidi, regyuleta imeharibika na itaichemsha betri. Vipimo hivi vitatu havimalizi dakika kumi, na vinatenganisha betri mbovu, alternata mbovu, na betri nzima ambayo haikuchajiwa tu. Dukani, wote watatu huuziwa betri.

Kuna kipimo cha nne ambacho wachache wanakifanya, na kwa gari la zamani ningekiweka mbele ya vyote. Weka ncha moja ya mita kwenye nguzo hasi ya betri, yaani kwenye risasi yenyewe na si kwenye kichwa cha waya, na ncha nyingine kwenye chuma kisafi cha injini. Piga stata. Njia ya ethi ikiwa nzima, mita itasoma karibu sifuri, pengine volti 0.2. Ikisoma 1 au zaidi, umeme unapotelea njiani. Ama kichwa cha betri kina ukungu wa kijani, ama waya wa ethi umeoza ndani ya ganda lake, ama boliti iliyoushika kwenye injini ina kutu chini ya kichwa, mahali ambapo macho hayafiki. Gari lenye ugonjwa huu hujifanya lina magonjwa kumi: stata inazunguka kivivu, taa zinafifia, geji zinacheza, hata kompyuta inapokea taarifa za uongo kutoka kwenye sensa. Tiba yake ni msasa, brashi ya waya na pengine waya mpya wa ethi. Sijui kipimo kingine kinachookoa pesa nyingi kwa kazi ndogo hivyo.

Betri inayokufa kila gari likilala siku mbili ina kisa chake. Kuna kitu kinachokula umeme gari likiwa limezimwa. Mita inawekwa katikati ya waya hasi na nguzo ya betri ikiwa upande wa ampea, milango imefungwa, na unasubiri kama nusu saa ili kompyuta ya gari ilale. Usithubutu kupiga stata mita ikiwa hapo, utaiunguza. Gari zima halitakiwi kula zaidi ya ampea 0.05. Likila zaidi, chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke. Mara nyingi safari hii inakomea kwenye kitu ambacho kiwanda hakikukifunga: redio ya mtaani, alamu, taa za urembo, au kifaa cha kufuatilia gari kilichoungwa kwa selotepu chini ya dashibodi.

Baada ya umeme, joto. Hapa pana desturi moja ya gereji zetu ambayo lazima ipingwe waziwazi: kung'oa thamostati. Hoja yake inasikika vizuri. Thamostati, wanasema, ni kifaa cha nchi za baridi; huku kwetu kuna joto, kazi yake nini? Kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto lake la kazi na kuibakiza hapo. Thamostati ya Toyota nyingi huanza kufunguka karibu nyuzi 82, na hakuna mji wa Afrika Mashariki wenye hewa ya nyuzi 82. Tanga na Toronto, injini inataka joto lile lile. Bila thamostati maji yanazunguka tangu mwanzo, injini inabaki na ubaridi, kompyuta inaamini gari ndiyo kwanza limewashwa na inaendelea kuongeza petroli. Mwenye gari analalamika kwamba gari limeanza kunywa mafuta, kisha anauziwa sensa ya oksijeni. Na katika baadhi ya injini thamostati ina kisahani cha pili kinachoziba njia ya mkato maji yakishapata moto. Ukiing'oa, sehemu ya maji yanarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, na gari uliloliogopea kuchemka linachemka zaidi kwenye mlima.

Kuipima ni kazi ya jikoni. Itumbukize kwenye sufuria ya maji juu ya moto pamoja na kipimajoto, ukiining'iniza isiguse chini. Ikifunguka milimita kadhaa maji yanapopita nyuzi 82, ni nzima. Ukiirudisha, kijitundu chenye kipini kinachochezacheza kikae juu ili hewa ipate pa kutokea.

Gari linalochemka basi lichunguzwe kwa kuuliza linachemka lini. Kwenye foleni tu, likitembea linapoa? Itazame feni. Kwenye Corolla nyingi za miaka ya 1990, ukifungua swichi na kuchomoa waya wa swichi ya joto, feni inatakiwa kuzunguka hapo hapo. Isipozunguka, fuata fyuzi, rilei na mota. Wengi wameshaungiwa feni moja kwa moja izunguke muda wote, dawa ya njia panda ambayo inaficha ugonjwa na kuimaliza mota. Linachemka kwenye mwendo mkubwa au mlimani? Rejeta imeziba, kwa ndani kwa kutu au kwa nje kwa vumbi na wadudu. Anayejazia maji ya kisima yenye chumvi, kama yalivyo mengi ya Dar es Salaam, ajue anaipika rejeta yake polepole. Kulanti huzuia kutu pamoja na kupandisha kiwango cha kuchemka.

Na mfuniko wa rejeta usidharauliwe. Umeandikwa 0.9 au 1.1, na namba hiyo ni presha unayoishikilia. Kwenye presha ya karibu bar 1, maji matupu huchemka karibu nyuzi 120 badala ya 100. Mfuniko ambao mpira wake umekauka hauzuii kitu. Nairobi, kwa mwinuko wake wa karibu mita 1,700, maji yasiyo na presha huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo mfuniko mbovu utakusumbua kule kabla ya kukusumbua Mombasa. Ni kipuri cha bei ndogo, na kingetangulia kubadilishwa kabla mtu hajataja silinda hedi.

Silinda hedi nayo ina dalili zake, na zinaonekana bila kufungua chochote. Asubuhi, injini ikiwa ya baridi kabisa, fungua mfuniko, washa, tazama maji. Mapovu yakiendelea kupanda mfululizo bila kukoma, hewa ya moto ya silinda inavuja kwenye maji. Mpira wa juu wa rejeta ukikakamaa ndani ya dakika moja tangu kuwasha, jibu ni hilo hilo. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa inakamilisha ushahidi. Bila dalili hizi, anayetaka kufungua hedi anabahatisha. Mfuniko wa rejeta yenye moto haufunguliwi kwa sababu yoyote ile. Maji yaliyobanwa yanaruka na kuunguza uso.

Sasa ile taa ya njano ya injini, na biashara yake ya “kupima kompyuta”. Mashine inachomekwa, inatoa namba, namba inageuzwa kuwa orodha ya manunuzi. Ni sawa na kumpa kila mwenye homa dawa ya malaria. Namba hiyo, yaani kodi, inasema tu kwamba kompyuta imeona kipimo kimetoka nje ya mipaka; haisemi ni kifaa gani kimekufa. P0171 inasema injini inapata hewa nyingi mno kulinganisha na petroli. Hewa inaweza kuwa inaingia kwenye mpira uliopasuka nyuma ya kisafisha hewa, sensa ya hewa inaweza kuwa chafu, pampu ya petroli inaweza kuwa imechoka. Sensa ya oksijeni, ambayo ndiyo hununuliwa, mara nyingi ni shahidi aliyesema kweli.

Mashine hiyo hiyo, ikitumiwa kwa utulivu, ingeweza kuamua kesi. Nyingi zinaonyesha asilimia ya petroli ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza kwa wakati huo. Hadi kumi juu au chini ni hali ya kawaida. Ikiwa inaongeza ishirini na tano gari likiwa limesimama, kisha inashuka ukikanyaga mafuta, kuna hewa inayovuja baada ya throto. Ikiwa ni nzuri gari limesimama na inapanda ukikanyaga, petroli haitoshi au sensa ya hewa inadanganya. P0128 nayo inasema injini haifikii joto lake. Huko ndiko kulikoishia thamostati iliyong'olewa.

Misi ya 1NZ-FE ni somo zuri la kupima bila kununua. Kila silinda ina koili yake. Kodi ikiwa P0302, silinda ya pili inamisi. Chukua koili ya pili uiweke ya tatu, ya tatu uiweke ya pili, futa kodi, endesha. Ikirudi P0303, koili imehama na ugonjwa wake, nunua moja. Ikibaki P0302, hamisha plagi vivyo hivyo. Ikibaki tena, tatizo liko kwenye nozeli, waya au kwenye mbano wa silinda, na hapo ndipo fundi aitwe.

Magari ya Japani ya miaka ya 1990 na mwanzo wa 2000 hayakutengenezwa kufuata sheria ya Marekani iliyolazimisha OBD-II kuanzia 1996, ndiyo maana vile visomaji vidogo vya bluetooth mara nyingi havisomi chochote. Hilo lisimtishe mtu. Toyota nyingi za wakati huo zina kiboksi kidogo chini ya boneti chenye matundu yenye majina. Unga tundu la TE1 na E1 kwa kipande cha waya, fungua swichi bila kuwasha injini, hesabu jinsi taa inavyopepesa. Ikipepesa sawasawa bila kusita, hakuna kosa. Mbili, kituo, mbili: 22, njia ya sensa ya joto la maji. Mbili, kituo, moja: 21, sensa ya oksijeni. Nne na moja: sensa ya throto. Ila soma majina kwenye kifuniko cha kiboksi kabla ya kuunga kitu, maana kuunga tundu lisilo lake kunaweza kuunguza kompyuta.

Moshi unasomeka kwa macho. Mweusi ni petroli kupita kiasi. Mweupe mzito usioisha injini ikipata moto ni maji. Wa buluu ni oili: ukitoka kwa wingi unapoondoka baada ya kusimama kwenye taa, sili za valvu zimekauka, ukitoka kila ukikanyaga, ringi zimechoka, na hiyo si kazi ya uani.

Miguu ya gari inaumia kwetu kuliko ilivyotarajiwa kiwandani, kwa matuta na mashimo, lakini kuichunguza ni rahisi. Gurudumu likiwa juu, lishike juu na chini ulitikise: likicheza, ni boljointi au beringi. Lishike kushoto na kulia: likicheza, ni tairodi endi au reki ya usukani. Kelele ya kokoto kwenye rafu ndogo mara nyingi ni linki za stabilaiza, vipuri vya bei nafuu vyenye nati mbili, ambavyo vimewafanya watu wengi wanunue shokapu. Tiktiki wakati wa kukata kona mpaka mwisho ni CV jointi. Buti lake la mpira likipasuka, libadilishwe mapema, mchanga haujaingia.

Kwenye breki mimi ni mwoga, na natamani wengine wawe hivyo. Kutambua tatizo ni halali kwa kila mtu. Pedeli laini kama sponji ina hewa. Inayozama taratibu chini ya mguu ina masta silinda inayovuja kwa ndani. Usukani unaotetemeka ukifunga breki unaonyesha diski. Gari linalovuta upande mmoja lina kalipa iliyoganda, na baada ya safari fupi gurudumu lake litakuwa la moto kuliko wenzake. Kubadilisha pedi kunafanyika nyumbani kwa aliyeshasimamiwa mara moja na anayejua. Oili ya breki ibadilishwe kila miaka miwili hivi, kwa sababu hunyonya unyevu: DOT 3 mpya huchemka nyuzi 205, iliyoshiba maji hushuka hadi 140, na mwenye kuteremka mlima Sekenke au Kitonga na mzigo ana sababu ya kuijali tofauti hiyo. Mabomba, masta silinda na ABS mwachie mwenye vifaa.

Yapo mengine ya kuacha. Mifuko ya hewa ya usalama ina baruti ndani. Gesi ya AC haifunguliwi kwa spana uani. Gia boksi ya otomatiki isimwagiwe oili kwa jina la “ATF ni ATF”: Toyota ya T-IV haitaki WS, na gia boksi ya CVT haitaki yoyote kati ya hizo mbili. Mkanda wa taimingi wa 5A, unaobadilishwa kila kilomita 100,000, unawezekana nyumbani kwa mwenye subira, lakini alama zikikosea jino moja injini haitatulia. Na hakuna kazi, hata ya dakika mbili, inayohalalisha kulala chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. Stendi za chuma, au gogo pana, halafu ndipo mtu aingie.

Yote haya yanafaa gari ambalo mwili wake bado unabeba. Magari yaliyotumika kaskazini mwa Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, huja na kutu ya chini isiyoonekana kwenye picha za mnada. Kabla ya kumnunulia mzee huyo hata plagi moja, ingia chini na nyundo ndogo, gonga chasisi, gonga mahali zinaposhikwa shokapu na mikono ya mbele. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti ya kadibodi, na nyundo ikipenya, hesabu ya matengenezo imefungwa: injini, gia boksi, milango na taa vina mnunuzi Shauri Moyo, na vitauzwa kwa bei nzuri zaidi vikiwa bado vinafanya kazi.